Subira ya Mkaguzi wa Umeme

Fundi anayekagua umeme wa nyumba ya kupanga huanza na macho. Mikono huja baadaye, na vyombo vya kupimia huja mwisho. Fundi niliyemfuata ni mtu wa Mombasa aliyehamia Uingereza akiwa kijana, akaisomea kazi hii huko huko, na sasa hukagua nyumba za kupanga katika mji wa Leicester. Alipoingia katika nyumba ya siku hiyo hakufungua mkoba. Alisimama ukumbini, akatazama dari, akashusha macho polepole hadi kwenye soketi iliyo karibu na mlango, akainama na kunusa. Kisha akamgeukia mpangaji, mama mmoja mwenye asili ya Zanzibar. “Dada, kuna taa inayofifia ukiwasha birika? Kuna soketi uliyowahi kuishika ukaona ina joto?”

“Hapana, fundi. Kila kitu kinafanya kazi.”

Fundi aliliandika jibu lile kama alivyoambiwa, neno kwa neno, na hakusema lolote zaidi.

Kazi hii imeagizwa na sheria. Kwa upande wa England, kanuni za mwaka 2020 zilianza kuhusu mikataba mipya ya upangaji binafsi tarehe 1 Julai 2020, na tarehe 1 Aprili 2021 zikaigusa mikataba iliyokuwapo tayari. Zinamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyaya na vifaa vya kudumu vya umeme vinakaguliwa na kupimwa na mtu mwenye sifa na uwezo, angalau mara moja kila miaka 5. Scotland ilitangulia kuweka sharti kama hilo Desemba 2015, na Wales ikafuata Desemba 2022. Kabla ya hapo sheria ya mwaka 1985 ilimtaka mwenye nyumba wa England atunze nyaya katika hali nzuri, lakini wenye nyumba wengi hawakulazimika kuthibitisha utunzaji huo kwa vipimo. Kipimo cha ubora ni kanuni za ufungaji wa umeme zinazojulikana kama BS 7671, ambazo toleo lake la kwanza kabisa lilitoka mwaka 1882 na toleo la 18 likatoka mwaka 2018. Ripoti inayotokana na ukaguzi huu mafundi huiita EICR. Mwenye nyumba huiona ripoti hiyo ikiwa karatasi chache. Mimi nilitaka kuona namna karatasi hizo zinavyopatikana.

Nyumba yenyewe ni ya matofali mekundu, imebanana na nyingine mtaa mzima, vyumba viwili chini na vitatu juu, na jiko limeongezwa nyuma miaka ya karibuni. Kabla ya kugusa kitu fundi alikaa kwenye ngazi akampigia simu mwenye nyumba. Alimuuliza ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, kama ripoti yake ipo, na kama kuna kazi yoyote ya umeme iliyofanyika tangu hapo. Wakakubaliana mipaka: mbao za sakafu hazitang’olewa, nyaya zilizozikwa ukutani hazitafukuliwa, lakini kila soketi, kila swichi na kila taa inayofikika itafunguliwa. Mipaka hiyo aliiandika kwenye ripoti kabla ya kitu kingine. Kanuni zinaruhusu mkaguzi afungue sehemu tu ya vifaa ikiwa wamekubaliana hivyo na akaeleza wazi. Yeye hapendi. “Bwana, mimi nikiacha soketi moja bila kuifungua, usiku naifikiria hiyo hiyo,” aliniambia.

Alianzia pale umeme unapoingilia: kabati la chini ya ngazi lenye fyuzi kuu ya kampuni ya umeme, mita, na bodi ya kugawia umeme. Alipiga magoti akawasha tochi ya kichwani. Nyaya mbili nene zitokazo kwenye mita alizitazama kwa urefu wake wote, akitafuta mahali ambapo ganda limebadilika rangi au limeminywa. Aliusoma unene wake kwa jicho, akauthibitisha kwa maandishi madogo yaliyochapwa kwenye ganda: milimita za mraba 25. Kisha akafuata waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, kutoka kwenye kasha la kampuni hadi kwenye bodi. Huo ulikuwa wa milimita za mraba 16, kama inavyotakiwa kwa nyumba ya namna hii.

Kutoka hapo alitambaa hadi jikoni, akatoa sabuni na ndoo zilizo chini ya sinki, akazipanga sakafuni kwa utaratibu ambao angezirudishia. Huko chini lilikuwapo bomba la maji la shaba, na juu ya bomba kibano cha kuunganisha bomba na ardhi ya umeme. Waya uliobanwa hapo una kazi moja: siku hitilafu itakapotokea, bomba na vifaa vya umeme visitofautiane volti kiasi cha kumdhuru anayeshika vyote viwili kwa wakati mmoja. Fundi alikishika kibano kwa vidole viwili. Kikazunguka. Chini yake shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Alipiga picha, akaandika, akarudisha kila ndoo mahali pake. Mama mpangaji amekuwa akioshea vyombo juu ya kibano hicho miaka yote ya kukaa kwake, na maji yametoka na taa zimewaka kama kawaida.

Aliporudi chini ya ngazi alifungua mfuniko wa bodi. Bodi ilikuwa ya plastiki. Tangu Januari 2016 bodi mpya inayofungwa katika nyumba ya kuishi Uingereza hutakiwa kuwa na kasha lisiloshika moto, na kwa kawaida hilo ni la chuma, kwa sababu kiungo kilicholegea ndani ya bodi hutoa joto la kuweza kuwasha plastiki. Bodi hii ilifungwa kabla ya hapo, wala haikuwa na dalili yoyote ya kuungua. Lakini iko chini ya ngazi za mbao, na ngazi hizo ndiyo njia pekee ya kutokea waliolala juu. Aliandika alama ya C3, yaani inashauriwa iboreshwe. Aligusa kila waya kwa ncha ya bisibisi yenye mpini wa kuzuia umeme, akiangalia kama unacheza. Kisha akanionesha rangi. Nyaya nyingi zilikuwa nyekundu na nyeusi, na zile zinazokwenda jiko jipya zilikuwa za kahawia na buluu. Uingereza iliachana na nyekundu na nyeusi kwa kazi mpya kuanzia Aprili 2006, kwa hiyo bodi peke yake ilimpa makisio ya lini jiko liliongezwa, kabla hata hajamuuliza mtu.

Ukaguzi wa macho ulipanda naye ghorofani. Katika kila chumba alitafuta soketi zilizopasuka, swichi zilizolegea ukutani, taa zilizofungwa karibu mno na mbao. Bafuni alipima kwa futi umbali kati ya beseni la kuogea na kila kitu chenye umeme. Chumbani kwa watoto alikuta kamba ya kuongezea soketi imepitishwa chini ya zulia. Hicho si kifaa cha kudumu, na ripoti yake haikihusu. Hata hivyo alimwita mama. “Hii dada iondoe hapa. Ikikanyagwa kila siku, ganda linaisha na zulia linaficha.” Mama aliichomoa pale pale.

Ndipo ukafika wakati wa kuzima. Alimwambia mama ajaze chupa ya chai kwanza, azime kompyuta ya mtoto, na kama kuna dawa ndani ya friji basi friji isifunguliwe ovyo. Kisha akatoa kipimaji cha pini mbili na kisanduku kidogo cha kukihakikishia. Nilidhani atashusha swichi kuu na kuanza. Hakufanya hivyo. Alikijaribu kipimaji kwenye kisanduku kwanza, kikawaka. Akashusha swichi kuu, akaifunga kwa kufuli dogo, akaning’iniza kibandiko cha kukataza mtu asiiwashe, na ufunguo akautia mfukoni mwake. Akapima upande wa nyaya za nyumba: waya moto na nyutro, waya moto na ardhi, nyutro na ardhi. Kote kimya. Akarudi kwenye kisanduku, akakijaribu kipimaji tena, kikawaka tena. Maana kipimaji kilichokufa katikati ya kazi kingeonyesha kimya hicho hicho, na fundi angekiamini. Hatua hizi huzirudia katika kila nyumba, hata ile aliyoikagua mwenyewe zamani.

Kipimo cha kwanza kilihusu ardhi inayotoka nje. Fundi hutaka kujua njia ya kurudia umeme wa hitilafu, kutoka nyumbani hadi kwenye transfoma, ina ukinzani kiasi gani bila msaada wa mabomba ya nyumba. Ili kupata jawabu hilo safi, alilazimika kuutoa waya mkuu wa ardhi kwenye bodi, nyumba nzima ikiwa imezimwa na kufungwa, na kugusa kwa ncha za mashine yake ya kupimia sehemu inayoingilia umeme ambayo bado ni hai. Alivaa glavu. Ncha za vipimo vyake zilikuwa zimefunikwa, zikiacha wazi milimita chache tu mwishoni. Mashine ikasoma omu 0.19. Kwa aina ya ardhi ya nyumba ile kampuni za umeme hutaja omu 0.35 kuwa kiwango cha juu, kwa hiyo ilikuwa nzuri. Hakuiandika mara moja. Kwanza aliurudisha waya wa ardhi, akakaza skrubu kwa bisibisi inayopima nguvu ya mkazo, akauvuta kwa mkono kuhakikisha, akaumulika kwa tochi. Baada ya hapo ndipo akachukua kalamu. Nyumba inayoachwa bila waya huo itaendelea kuwaka vizuri kabisa, na kinga yake itakuwa haipo. Ndiyo maana kati ya waya na kalamu, waya hutangulia.

Vipimo vya nyumba iliyozimwa ndivyo virefu kuliko vyote. Kabla ya kila kundi la vipimo aligusanisha ncha mbili za mashine na kubonyeza kitufe, ili ukinzani wa nyaya zake za kupimia utolewe kwenye hesabu. Kisha akafungua waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu, akaufunga upande mmoja kwenye ardhi ya bodi, na kutembea nao nyumba nzima. Kila swichi ya chuma, kila taa, kila skrubu inayotakiwa kuwa na ardhi aliigusa kwa ncha ya upande wa pili na kusoma: 0.21, 0.34, 0.40. Namba zilikuwa zikipanda kadiri alivyozidi kwenda mbali na bodi, na kupanda huko kulimridhisha, kwa sababu shaba ndefu zaidi lazima ipinge zaidi. Namba inayoruka ghafla ndiyo humsimamisha. Alipogusa bomba la maji lenye kile kibano, mashine ilipepesa, ikatulia juu, ikapepesa tena. Alikuwa ameshalijua tatizo kwa vidole, lakini aliliandika pia kwa namba.

Kisha akafika kwenye sakiti ya soketi. Nyumba za Uingereza hutumia mzunguko: waya hutoka kwenye bodi, hupita soketi moja baada ya nyingine, na kurudi kwenye breka ile ile ulikotoka. Mfumo huu uliingia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, shaba ikiwa adimu, pamoja na plagi ya pini tatu za mstatili yenye fyuzi ndani yake. Plagi hiyo ndiyo tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda hadi leo. Kwa kuwa kila soketi hupata umeme kutoka pande mbili, nyaya za milimita za mraba 2.5 huweza kulindwa na breka ya ampea 32. Mzunguko ukikatika mahali, soketi zote zitaendelea kufanya kazi. Ila sasa mzigo wote unaweza kupita upande mmoja, katika waya usioweza kuubeba kwa muda mrefu, na breka haitajua.

Alizichomoa ncha zote za mzunguko kutoka kwenye bodi na kuzipima mbili mbili. Waya moto, kutoka ncha hadi ncha, ulisoma omu 0.45. Waya wa ardhi, ambao ni mwembamba zaidi, ulisoma 0.75. Alinionesha kwa kidole kwamba namba hizo mbili zinapatana: ukichukua 0.45 ukazidisha kwa 1.67, ambao ni uwiano wa unene wa nyaya hizo, unapata 0.75. Akahamia kwenye nyutro. Mashine haikutoa namba. Akasafisha ncha za shaba kwa kisu, akabana upya, akapima tena. Hakuna kitu.

Fundi mwenye haraka angeandika “mzunguko umekatika” na kuendelea. Yeye aliketi sakafuni akachora nyumba kwenye karatasi, akaweka alama kwenye kila soketi, akakata mchoro katikati. Alikwenda kwenye soketi ya kati sebuleni, akatenganisha nyaya zake, akapima nusu ya kwanza: nzima. Kwa hiyo kosa liko nusu ya pili. Akaigawa nusu hiyo nayo. Kila mara alifungua skrubu mbili, akavuta bamba taratibu ili asikwaruze ganda la nyaya, akapima, akarudisha, akakaza, akavuta kuhakikisha. Chumba kilikuwa kimeanza kupoa, kwa kuwa mashine ya kupasha nyumba nayo ilikuwa imezimwa. Hakuharakisha. Kosa lilijificha nyuma ya friji. Tuliisogeza friji, akafungua bamba, akamulika. Waya mmoja mweusi ulikuwa umechomoka kwenye skrubu yake, umejikunja nyuma ya soketi, na ncha yake imeanza kuwa ya hudhurungi kwa joto. Aliyeifunga soketi ile zamani alikaza skrubu ikabana ganda badala ya shaba.

Alipiga picha kabla ya kuugusa. Akaandika saa, chumba na hali aliyoikuta. Akampigia simu mwenye nyumba, akamweleza, akapata ruhusa. Kisha akakata ncha iliyoungua, akamenya ganda kwa kipimo, akaukunja waya mara mbili ili ujaze nafasi ya skrubu, akakaza. Nyutro ikasoma 0.46. Ni nyumba ambamo kila kitu kilikuwa kikifanya kazi.

Kilichofuata ni kupima maganda ya nyaya. Hapa fundi huingiza volti 500 za umeme usiogeuka kati ya waya na waya, kama mtu anayejaza maji kwenye bomba lililozibwa mwisho ili aone linavuja wapi. Ganda zima halipitishi karibu chochote, na mashine husoma mamia ya megaomu. Kanuni zinataka isiwe chini ya megaomu 1. Lakini volti 500 huweza kuharibu vifaa vya elektroniki vilivyosahaulika kwenye sakiti, kwa hiyo kazi kubwa ni maandalizi: kuchomoa kila plagi, kutoa kila balbu, kutenganisha swichi za kupunguza mwanga, kengele ya mlango, kitambua moshi. Sakiti ya taa za chini ilisoma karibu na sifuri. Nilishtuka. Yeye hakushtuka. Alisema nyaya mbovu kwa kawaida huharibika kidogo kidogo, na sifuri ya ghafla mara nyingi ina mwenyewe. Alizunguka tena vyumba vyote, akatazama juu, akafungua kabati la chini ya ngazi alimokuwa akifanyia kazi. Nyuma ya makoti ilikuwamo taa ndogo yenye balbu. Akaitoa. Mashine ikasoma zaidi ya megaomu 200. Kama angeiandika namba ya kwanza, mwenye nyumba angelipia kung’oa nyaya nzima zisizo na kosa. Subira ile ile iliyofichua kosa nyuma ya friji ndiyo iliyozinusuru nyaya za taa.

Alipowasha tena umeme alimwambia mama asichomeke vifaa vyake bado. Vipimo vya mwisho hufanywa umeme ukiwa unapita. Katika kila soketi alichomeka mashine na kupima njia yote ya hitilafu, kutoka soketi hadi transfoma na kurudi. Kwa breka ya ampea 32 ya aina B njia hiyo isizidi omu 1.37, ili hitilafu ikitokea umeme uwe mwingi wa kutosha kuikata breka papo hapo. Soketi zilisoma karibu 0.49, na namba hiyo ilikuwa jumla ya ile 0.19 ya nje na 0.30 ya mzunguko wa ndani, yaani robo ya jumla ya zile 0.45 na 0.75 alizozipata mapema. Alizijumlisha pembeni mwa karatasi. Vipimo viwili vilivyofanywa kwa njia tofauti na saa tofauti vilikuwa vimekutana.

Mwisho alikijaribu kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kile kinachohisi umeme unaovuja kupitia mwili wa mtu au kifaa kibovu na kuukata. Aliuvujisha umeme kwa makusudi, nusu ya kiwango kwanza, kuhakikisha kifaa hakikati ovyo. Kisha akavujisha miliampea 30 kamili. Kikakata kwa milisekunde 24, wakati kikomo ni 300. Baada ya mashine alibonyeza kitufe cha majaribio kwa kidole, akamwita mama na mtoto wake mkubwa, akawafundisha kukibonyeza wenyewe kila baada ya miezi 6. “Kisipokata, siku hiyo hiyo mwambieni mwenye nyumba.” Mtoto alibonyeza, nyumba ikazimika, akacheka. Fundi alimwacha awashe.

Kuandika kulifanyika mezani, chai ikiwa imemiminwa. Kila kosa hupewa alama. C1 ni hatari iliyopo sasa hivi, na hutakiwa kuondolewa mara moja. C2 ni hatari inayoweza kutokea. FI ni jambo linalotaka uchunguzi zaidi. Mojawapo ya hizo ikiwapo, nyumba nzima huandikwa kuwa hairidhishi. C3 peke yake haiangushi nyumba. Kibano cha bomba alikipa C2. Waya wa nyuma ya friji aliueleza kama alivyoukuta na kama alivyourekebisha, bila kuuficha chini ya namba nzuri ya baada ya matengenezo. Kisha akajaza jedwali la vipimo, sakiti kwa sakiti, akilinganisha kila namba na daftari lake.

Kuanzia hapo sheria humhesabia mwenye nyumba siku. Mpangaji aliyemo apewe nakala ya ripoti ndani ya siku 28 baada ya ukaguzi, na mpangaji mpya aipate kabla ya kuhamia. Halmashauri ikiiomba, ipewe ndani ya siku 7. Makosa yanayoiangusha nyumba yashughulikiwe ndani ya siku 28, au mapema zaidi ripoti ikisema hivyo, na uthibitisho wa maandishi uende kwa mpangaji na kwa halmashauri. Kanuni zilipoanza, mwenye nyumba aliyezivunja aliweza kutozwa faini ya hadi pauni 30,000. Fundi alipanga kurudi wiki ile ile kubadilisha kibano.

Niliwaza nyumba zetu. Kenya na Tanzania pia haziungi umeme katika nyumba mpya mpaka fundi mwenye leseni athibitishe kazi yake. Ila baada ya siku hiyo nyumba nyingi za kupanga hupita mikononi mwa wapangaji kadhaa bila mtu kufungua tena soketi. Chumba kimoja huzaa vyumba vinne, mita moja huhudumia milango sita, mtu huchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili chaja ya pini mbili iingie, na fimbo ya ardhi iliyozikwa uani hakuna anayejua kama bado imeungana na waya wake. Taa zinawaka, na sisi huuchukua mwanga kuwa ushahidi wa usalama. Nyumba ile ya Leicester nayo ilikuwa ikiwaka.

Sheria inaweza kudai ripoti. Haiwezi kumlazimisha mtu kusogeza friji. Thamani ya karatasi ile inatoka kwa fundi aliyekubali kuketi kwenye sakafu yenye baridi na kuigawa nyumba nusu kwa nusu hadi akaufikia waya mmoja uliochomoka, na ambaye baadaye alikataa kuzihukumu nyaya za taa kabla ya kutazama nyuma ya makoti.

Kwa hiyo wewe unayepangisha, iwe Leicester au Kisauni au Tandika, mtafute fundi mwenye leseni na umlipe muda wake wote. Anayekuahidi ripoti ya nyumba nzima kwa nusu saa anakuuzia saini. Na wewe unayepanga, omba kuuona ukurasa wa vipimo. Ukikuta kila sakiti ina namba ile ile, uliza ilipimwaje, maana nyaya za urefu tofauti hazisomi sawa. Ukikuta namba zinazotofautiana, na mipaka ya ukaguzi imeandikwa wazi, na kosa limeelezwa pamoja na mahali lilipokutwa, basi jua kuna mtu aliyeifungua nyumba yako na kuifunga tena kwa uangalifu.